Alhamisi, Jengo la Mia na Saba

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, natandaza magunia
mbele ya Jengo la Mia na Saba, hapa Daegu:
la chupa angavu peke yake,
la makopo, la karatasi, la masanduku meupe ya samaki,
na lile pana, lisiloshiba, la plastiki mchanganyiko.
Jina langu Pyo Gil-nam.
Wakazi huniita Mzee Taka wakidhani sisikii.

Mimi sipekui. Taka zenyewe zina mdomo.
Huniambia nani amekatazwa chumvi,
nani anakunywa akiwa amejifungia bafuni,
nani ameoa kabla kadi hazijachapwa.
Bibi Ok-bun wa ghorofa ya nne
huosha visanduku vya tofu kama anayeogesha kichanga,
hubandua lebo kwa ukucha, gundi huifuta kwa mafuta ya ufuta,
kisha hunikabidhi kwa mikono miwili
na kuniomba radhi kwa wino uliogoma kutoka.

Lakini nyumba 1203!
Mfuko una mafundo mawili, ndani mchuzi unacheza.
Bakuli la tambi. Kifuniko chake.
Kikombe cha figili za siki, kikombe cha mchuzi,
kikombe kidogo zaidi cha kitu asichokigusa,
vijiko viwili, kila kimoja katika ngozi yake ya plastiki.
Mlaji mmoja, msafara wa vyombo.
Tangu Septemba vijiko ni viwili
na kinachofunguliwa ni kimoja.

Chombo chenye doa la pilipili hakipokelewi,
gunia zima hurudishwa kwa ajili yake.
Mwenyekiti wa kamati alinipa karatasi za manjano:
bandika mlangoni, Mzee, namba iandike kubwa,
aibu ni mwalimu.
Nilipanda. Nikasimama mlangoni.
Ndani televisheni ilikuwa ikicheka peke yake.
Nikashuka na karatasi yangu mfukoni.

Usiku nikaligeuza bakuli lake nilisuuze.
Chini kabisa, pale ambapo hakuna mlaji anayetazama,
palikuwa na alama: mwezi mwembamba, nukta ubavuni.

Kalibu namba sita.
Nukta ile ni mkwaruzo wa tupa yangu,
niliteleza siku mke wangu alipolazwa
na msimamizi akasema acha, nani atauona?
Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya mashine ile,
bakuli moja kila sekunde nne,
moto, laini, likinuka kama nywele zilizoungua,
na kila moja nikalihesabu kuwa ni ada ya shule.
Hesabu ya pili hakuna aliyenifundisha:
kwamba kitu kinacholiwa kwa dakika tisa
kimepewa umri wa kuwazika wajukuu.
Nilipika mimi. Alaumiwe mlaji?

Sabuni ilishindwa. Maji ya moto yalishindwa.
Bibi Ok-bun akapita, akacheka bila sauti.
Weka juani, akasema. Wekundu hauogopi sabuni, unaogopa jua.
Nikaliweka kwenye dirisha la kibanda.
Siku ya kwanza, rangi ya tofali.
Siku ya pili, rangi ya shavu.
Ya tatu likawa jeupe kama siku nilipolitoa kwenye kalibu,
nami nikaona haya, sijui kwa nini,
kama mtu aliyekutana na mwanawe sokoni akashindwa kumwita.

Nilitia chenza tatu ndani yake,
nikaliacha mlangoni kwa 1203. Sikuandika neno.

Alhamisi hii mfuko una fundo moja.
Kijiko ni kimoja.
Bakuli limeoshwa na mtu asiyejua kuosha,
povu limekaukia ukingoni, doa lipo vilevile,
na maganda ya chenza yamesahaulika humo humo, mahali pasipo pake.

Nayatoa. Nasuuza tena. Naliegemeza dirishani.
Jua litakula wekundu, hiyo ndiyo kazi linayoiweza.
Bakuli haliliki.
Lori linapiga honi kwenye kona,
na gunia pana limeshajaa.